Mpimaji wa Uchachu

Alikuwa anakuuliza umekula nini kabla hujamaliza kumwamkia. Wewe bado uko kwenye "shika", yeye amekwisha kuinua kalamu. "Umekula nini? Saa ngapi? Umekuja kwa miguu au kwa baiskeli?" Kwetu Singida mtu wa namna hiyo huambiwa hakulelewa, na nilishuhudia wazee waliogeuza njia palepale mlangoni wakarudi nyumbani na maradhi yao, kwa sababu salamu yao haikupokelewa. Lakini alikuwa anazipokea zote. Alizilimbikiza tu. Akimaliza kuandika aliweka kalamu chini, akaanza kuzilipa moja baada ya moja: "Marahaba. Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je? Huko kwenu imenyesha?"

Hospitalini tulimwita Mpimaji, na mimi sitamwita vinginevyo. Nilikaa naye kazini miaka tisa, yeye ndani ya chumba cha vichupa, mimi uwanjani na fagio langu, na jioni akawa mwalimu wangu wa hesabu katika shule ya watu wazima. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima choo, mkojo na damu ya homa. Hiyo haikumpa sifa yoyote. Nani atamsifu mtu kwa kuchungulia choo cha wenzake? Sifa aliipata Mwingereza akiwa bado anatutawala, alipokuja daktari mmoja wa Kizungu, mrefu kama nguzo ya simu, aliyetaka kujua damu ya mkimbiaji inakuwaje baada ya mbio fupi.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, tuseme yadi mia nne na arobaini, misuli yake hutoa asidi, ileile inayochachusha maziwa, nayo huingia kwenye damu. Daktari aliiita kwa jina refu la kwao. Mpimaji aliita uchachu, na sisi wafuga ng'ombe tukaelewa siku hiyohiyo. Alichukua damu kidogo kidoleni kabla ya mbio, akachukua tena dakika chache baada ya mbio, akaitia dawa zake, akaipasha moto, ikageuka zambarau. Zambarau iliyokolea ni uchachu mwingi, iliyofifia ni uchachu kidogo. Nimeona zambarau za kila namna kwenye vichupa vile. Nyingine zilikolea hata ungeweza kumtilia rangi askofu joho na likabaki tone la mke wa mchungaji.

Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mganga. Ukifika unakaa kwenye benchi nusu saa, bila kusimama, bila kutingisha mguu. Usikunje ngumi. Usivute tumbako. Mkono unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa safi, kwa sababu jasho nalo lina uchachu wake na litaingia kwenye hesabu ya damu. Siku mbili kabla usikimbie, usilime, usichunge mbuzi watoro. Na chakula cha siku zile mbili unakitaja chote. Damu ikishatoka, haingoji. Aliitia dawa upesi akikunja uso kama mtu anayefukuza nzi, maana hata ndani ya kichupa, alisema, damu inaendelea kuchachuka yenyewe.

Kijana mmoja wa ng'ambo ya ziwa la Singidani alikimbia njia nzima ili asichelewe kuja kupimwa mbio. Akafika anatweta, anatabasamu, ana fahari ya kuwahi. Mpimaji alimshika kidole, akakiachia.

"Wewe mbio zangu umekwisha kuzikimbia huko njiani," akamwambia. "Nenda kalale. Uje kesho, na uje kama mtu anayekwenda msibani."

Mwenyewe alitembea hivyo siku zote. Nasema kweli, kinyonga angekuwa nyuma yake angepiga honi. Kutoka chumba chake hadi kisimani ni hatua sitini, nami nilifagia uwanja mzima huku anakwenda, nikaufagia tena huku anarudi. Mtu aliyejua zaidi ya wote mkoani habari za kukimbia, miguu yake haikuwahi kuikimbia hata mvua. Mvua ikimkuta njiani alitembea vilevile, akifika unamkamua kama nguo.

Kuhusu kibuyu. Huu ndio mfano aliowapa wakimbiaji wote, na darasani alitupa sisi pia, watu wazima na ndevu zetu, tulipokuwa tunajifunza kutoa na kujumlisha.

"Ukitaka kujua maziwa haya yatachachuka kwa kasi gani," alisema, "unaanza na kibuyu gani?"

"Kilichooshwa, mwalimu! Kilichofukizwa!"

"Na kikiwa na uchachu wa jana?"

"Utamsingizia ng'ombe."

"Utamsingizia ng'ombe," akasema, akifurahi kama tumemaliza chuo. "Ndiyo maana ninawakalisha kwenye benchi."

Mimi ndiye niliyenyoosha mkono, maana mdomo wangu haujui kukaa. Nikauliza, "Na kibuyu kikiwa kitupu, mwalimu?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Aliliweka swali mezani akalitazama.

"Kibuyu kitupu hakichachuki. Kianike juani wiki nzima, hakichachuki. Mtu asiyekula ugali, asiyekula hata kiazi, hana ndani yake cha kuchachusha. Atakimbia mpaka aanguke, na zambarau yake itakuwa nyepesi. Na asiyejua atasema huyu hakujitahidi."

Nikayaandika kwenye daftari langu. Mwandiko wangu wa siku zile ulikuwa kama kuku ameruka moto, lakini niliyaandika.

Watu walimwogopa. Miaka ile habari za mumiani zilikuwa zimeenea, kwamba wako watu wanaotoa damu ya Waafrika na kuipeleka ikafanywe dawa ya Wazungu, na ukiwa unaishi na mtu mwenye sindano na vichupa na friji ya mafuta ya taa, huhitaji kutafuta mbali. Akina mama walivuka barabara wakimwona. Dawa aliyoitumia ilikuwa moja: kabla ya kumtoboa yeyote alijitoboa mwenyewe, mbele ya watu wote, kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Na hapa ndipo nilipomjua. Mtu huyu aliyetoboa vidole mia moja, elfu moja, laki moja nikiachiwa, hakuweza kuona damu yake mwenyewe. Midomo ilimkauka. Macho yalipanda juu. Mara mbili nilimdaka na fagio likiwa bado mkononi. Lakini kesho yake alijitoboa tena.

Alikuwa na mambo kama hayo mengi. Aliuliza kila mtu amekula nini, na hakuna aliyewahi kumwona yeye akila. Saa sita alifunga mlango wa chumba, akaufungua saa saba. Alichukia maziwa ya mgando, alisema yananuka kazi. Alitukataza kusema "kama" na "karibu" darasani. Ukimwambia umetembea maili kama kumi, alikurudisha nje ukahesabu. Mimi aliniita Bwana Mara Mia, kwa sababu ya kutia chumvi kwangu, na hakuna aliyecheka zaidi ya yeye nikisimulia. Alifuta machozi kwa kitambaa kilekile cha vidole. Akimaliza kucheka alisema, "Haya. Sasa igawanye kwa mia."

Na alikuwa na daftari. La jalada gumu, jeusi, lenye safu za jina, usingizi, safari, chakula, uchachu wa kabla, uchachu wa baada. Ndani yake ilikuwa mwiko kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lenyewe liendelee kusomeka, unaandika pembeni lililo kweli na jina lako. Aliniambia, "Damu haisemi uongo. Mwenye damu ndiye anayesema. Kwa hiyo mimi ninaandika wote wawili, yeye na damu yake, kila mmoja kwenye safu yake."

Sasa niseme habari ya Jumamosi ile.

Daktari alikuwa na nafasi moja. Mkimbiaji mmoja kutoka kwetu angekwenda Dar es Salaam kwenye michezo, kwa lori mpaka Manyoni, kisha kwa treni. Waliokwenda kabla hawakurudi kushika fagio. Waliajiriwa hukohuko, wakajenga kwa mabati. Nilikuwa mwepesi miaka ile. Nikisema nilimpita swala mtasema Bwana Mara Mia ameanza, basi nigawanye: nilimpita mbuzi. Tulipimwa wengi, tukabaki wawili, mimi na karani mmoja wa Kiomboi, kijana mzuri, mkorofi wa mdomo kama mimi.

Mwaka ule mvua iliacha mahindi yakiwa magotini. Mama yangu na wadogo zangu walikuwa kijijini Mungaa. Jumatano nilipokea posho yangu ya unga, nikaibeba yote mpaka kwao kwa miguu, nikalala, Alhamisi nikarudi kwa miguu. Unga niliuacha wote. Tangu Jumatano hadi Jumamosi nilikula mlenda mtupu na majani ya kunde yaliyochemshwa. Sikuona ajabu. Nusu ya watu walikula hivyo.

Asubuhi uwanja ulijaa. Watumishi wa hospitali, wagonjwa wenye miguu, wauza karanga, binti mmoja wa muuguzi ambaye sitasema zaidi juu yake. Tulikaa kwenye benchi, karani na mimi, mikono wazi mapajani.

"Wanyaturu mbio zenu ni za kufukuza kuku," karani akaniambia.

"Na ninyi Wanyiramba ni za kukimbilia sinia."

"Sinia nimeliacha jana. Kwa shangazi yangu nimekula hadi mkanda umeomba ruhusa."

Mpimaji akafika na daftari. Akamwuliza karani, karani akasema ugali, nyama ya mbuzi, viazi, uji wenye asali asubuhi na mapema. Kweli tupu, ungeiona mashavuni mwake. Akanigeukia mimi. Usingizi nikasema vizuri, safari nikasema hakuna.

"Umekula nini?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja. Mtu akikuuliza kama umekula unasema nimekula, nashukuru, hata kama tumbo limegusa mgongo, kwa sababu ukisema hujala umetangaza kwamba kwa mama yako hakuna kitu. Na watu walikuwa wanasikiliza. Binti wa muuguzi alikuwa anasikiliza.

"Ugali," nikasema, "mkubwa kama lile jiwe la kule mlimani. Na kuku mzima. Na paja la jirani yake aliyekuja kumlilia."

Uwanja ukaangua kicheko. Mpimaji hakutazama daftari wala hewani, alinitazama midomo. Ilikuwa imepasuka. Kisha akaandika.

Tulikimbia. Ninachokumbuka ni upepo wa pale kwetu, ule usiochoka, ukinirudisha kifuani upande mmoja na kunisukuma upande mwingine, na miguu ambayo yadi mia ya mwisho haikuwa yangu. Nilifika pamoja na karani. Daktari alitazama saa yake mara tatu. Sawa. Karani alitapika uji wote wa asali. Mimi sikuwa na cha kutapika. Niliona giza, nikakaa chini, nikatabasamu.

Tukatobolewa. Upimaji ukachukua muda wake, dawa na moto. Halafu Mpimaji akaleta vichupa viwili kwenye kibao, akaviweka mezani palipokuwa na jua. Cha karani kilikuwa zambarau ya kuiva. Changu kilikuwa maji yaliyopita karibu na zambarau.

Daktari alinyooshea kidole kimoja, halafu kingine. "Huyu ametoa yote," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama yeye. "Huyu ameficha nguvu. Asiyetoa yote hapa, kule atatoa nini?"

Mpimaji alisimama na daftari wazi. "Bwana Daktari, kuna habari ya chakula."

"Hakula?"

"Imeandikwa amekula."

Akanigeukia. Alinigeukia mbele ya wote, taratibu, kwa mwendo wake ule wa kinyonga, na akauliza, "Una la kuongeza?"

Nilijua anachouliza. Swali la kibuyu kitupu lilikuwa langu. Neno moja, na ningekaa wiki nzima nikilishwa viazi na kupimwa upya. Niliwatazama watu, wakawa wanangoja mdomo wangu kama wanavyongoja siku zote.

"La kuongeza ni bawa," nikasema. "Nilisahau bawa la yule kuku."

Walicheka mpaka wauza karanga wakamwaga karanga. Daktari akafunga kalamu yake. Karani wa Kiomboi akachaguliwa.

Mkiniuliza nilisikia nini, sikusikia kitu. Nilikwenda nikachukua fagio nikafagia maganda ya karanga. Karani alikuja kunishika mkono, nikamwambia awasalimie samaki wa Dar es Salaam. Mkono ulishikwa, nikaona umeshikwa, basi. Jumatatu asubuhi nilikuta debe la unga mlangoni kwangu, limefunikwa kwa ungo. Nikadhani ni la kanisa; mwaka ule kanisa liligawa. Nikasonga ugali nikala. Ulikuwa ugali. Mama yangu alifariki mwaka uliofuata, si kwa njaa, kwa homa, na siku hiyo pia nilichekesha watu matangani, maana ndiyo kazi waliyoniachia.

Mpimaji hakulizungumza jambo lile, wala mimi. Daktari aliondoka na vichupa vyake. Tukaendelea na hesabu jioni, tukafika sehemu na desimali. Nikafaulu, nikapata cheti, nikaacha fagio nikawa karani wa mizani kwenye soko la nafaka. Mpaka leo naandika uzito wa magunia, na sifuti. Napiga mstari mmoja. Mwenzangu huuliza kwa nini nachafua kitabu.

Mara ya mwisho nilimwona kijijini Issuna. Alikuwa amestaafu, na bendera ya Mwingereza ilikuwa inahesabiwa miezi. Nilipelekwa huko kukagua mizani ya mnadani, nikaambiwa nyumba yake ni ile yenye ua wa minyaa. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Alinijua kwa hatua.

"Bwana Mara Mia. Unatembea haraka bado."

"Shikamoo, mwalimu."

Mara ya kwanza katika maisha yake aliitikia hapohapo. "Marahaba." Akaniuliza habari za kazi, nikamwambia mizani yangu imepima magunia yanayoweza kulishinda ziwa la Singidani kwa kina. Akacheka kidogo. Akasema, "Gawanya." Halafu akamwita mkewe, akamwagiza alete lile jeusi lililo chini ya kitanda.

Mchwa walikuwa wamekula pembe moja. Hakuhitaji macho. Alipapasa kurasa, akaweka kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kile cha kujitoboa, kigumu kama pembe sasa, katikati ya ukurasa mmoja, akanipa nisome. Jina langu. Usingizi: vizuri. Safari: hakuna. Chakula: ugali, kuku. Kabla. Baada, na ile namba ndogo.

"Midomo yako ilikuwa imepasuka," akasema. "Pumzi yako ilinuka ile harufu tamu ya mtu ambaye mwili umeanza kujila wenyewe. Niliijua hata kabla hujafungua mdomo. Nikaandika ulichosema. Sikuandika nilichokiona."

"Nilisema mwenyewe, mwalimu. Uliniuliza mara mbili."

"Nilikuuliza mbele ya watu. Mara zote mbili, mbele ya watu." Alipangusa mikono yake magotini. "Ningekuita nyuma ya mlango, ungeniambia. Mimi nilijua kukalisha watu nusu saa, nilijua maji ya vuguvugu. Hilo la mlango sikulijua. Nikasema, nikimwandika huyu hajala, nimeivua nguo nyumba ya mama yake mbele ya uwanja mzima."

Nilingoja kuona kama kitu kitanijia, hasira, au machozi. Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya jiko. Nikakumbuka lile debe la unga na ungo wake. Sikuliuliza.

"Mimi siwezi tena kuona mstari," akasema. "Sahihisha."

Akanipa kalamu ya risasi, fupi kama kitovu. Nilipiga mstari mmoja juu ya *ugali, kuku*, nikauacha usomeke. Pembeni nikaandika: *mlenda na majani ya kunde, tangu Jumatano*. Kwenye safari nikapiga mwingine, nikaandika: *Mungaa kwenda na kurudi, kwa miguu*. Nikaandika jina langu. Mwandiko wangu siku hizi ni mzuri, alinifundisha yeye, ingawa hakuuona.

"Umeandika 'karibu' yoyote humo?"

"Hakuna, mwalimu."

Akafunga daftari. Huko jikoni mkewe alikuwa anapekecha kitu chunguni, akapaza sauti: "Baba, mgeni wetu amekula huko alikotoka?"

Alikuwa na haki ya kunijibia. Ndiyo desturi, mwenye nyumba humjibia mgeni. Hakujibu. Aligeuza uso wake kwangu, macho yale meupe, akangoja kama watu wa kwenye benchi.

Nilikuwa nimetoka Singida alfajiri. Utani ulinijia kinywani, mzuri kabisa, wenye ng'ombe wawili ndani yake na ndama.

"Sijala, mama," nikasema. "Tangu jana."